Maana ya kijiji cha majira ya joto, na kwa nini idadi ya watu wake huonekana ndogo mno

Katika jimbo la Alberta, Kanada, kijiji cha majira ya joto ni mamlaka kamili ya serikali za mitaa. Kina mipaka, madiwani (kwa kawaida 3), sheria ndogo na kodi ya majengo. Aina hii ya mamlaka ilianza mwaka 1913, kwa ajili ya makazi ya kando ya maziwa ambako wengi hukaa miezi michache ya joto kisha hurudi mjini. Tunaepuka neno kiangazi, kwa sababu kiangazi chetu ni kukatika kwa mvua, na huko jambo kubwa ni kuondoka kwa barafu. Sensa ya 2016 ilivikuta vijiji hivi 51. Ziwa Pigeon peke yake lina 10.

Chukua Betula Beach, kwenye Ziwa Wabamun, magharibi mwa Edmonton, mji mkuu wa jimbo hilo. Sensa ya 2016 ilihesabu watu 16, ya 2021 watu 27. Anayefika Jumamosi ya Julai, nyumba zote zimefunguliwa na boti zimejaa gatini, atadhani sensa imekosea. Haikukosea. Kanada humhesabu mtu mahali anapoishi kwa kawaida. Tanzania na Kenya humhesabu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kwa hiyo familia ya Edmonton iliyolala Betula Beach usiku huo bado inaandikwa Edmonton. Nyumba yao ya ziwani haipotei: katika jedwali la sensa inaingia kwenye safu ya nyumba zote, ila haimo kwenye safu ya nyumba zenye wakazi wa kudumu. Zisome safu hizo mbili pamoja na ile ya watu, la sivyo hutakielewa kijiji.

Asilimia nazo hupotosha sana hapa. Kutoka 16 hadi 27 ni ongezeko la karibu asilimia 69, lakini ni watu 11 tu; familia tatu nne zikihamia moja kwa moja zinatosha.

Kwenye kura hesabu ni nyingine. Raia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ambaye jina lake, au la mwenzi wake, limo kwenye hati ya nyumba anapiga kura hata kama anaishi mjini, hivyo wapiga kura wanaweza kuwazidi wakazi. Uchaguzi hufanyika majira ya joto, wenye nyumba wakiwapo.

Kosa la gharama kubwa ni kupanga huduma kwa idadi ya sensa. Fundi akipima mfumo wa maji taka kwa watu 27, utafurika wikiendi ndefu ya kwanza. Kipimo sahihi ni idadi ya nyumba, zote zikiwa zimejaa. Kisha uje msimu wa baridi: nyumba nyingi hufungwa. Mwenye nyumba huzima pampu, hufungua bomba zote, humwaga maji ya tangi la kupashia moto, kisha humimina dawa ya kuzuia kuganda kwenye kiwiko cha bomba chini ya kila sinki. Akikisahau kiwiko kimoja, maji yaliyobaki huganda, hutanuka na kukipasua. Ufa hauonekani mpaka siku ya kuwasha pampu tena, barafu ikishaondoka.