Mzee Kuamka Saa Tisa Usiku Si Uchawi: Dhana Potofu Kuhusu Saa ya Mwili na Uzee

"Wazee hawahitaji usingizi."

Husemwa hata na watu wenye elimu yao. Mtu wa miaka 65 na kuendelea hushauriwa kulala kwa muda wa saa saba hadi nane, karibu sawa na kijana. Kinachopungua ni uwezo wa kulala mfululizo: usingizi mzito huwa haba, na kitu kidogo tu, jogoo au kibofu, humwamsha. Bibi anayesinzia mkekani saa nane mchana anafidia usiku wake.

"Ukizeeka, saa ya mwili huenda mbio."

Saa ya mwili ndiyo hupanga lini tulale na lini tuamke. Kwamba huenda mbio uzeeni iliaminiwa hata na wanasayansi, maana ilionekana kueleza vizuri kwa nini babu anapanda kitandani saa mbili usiku na saa tisa yuko macho. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya vijana na wazee wenye afya waliokaa maabara, mbali na jua na saa za ukutani. Mzunguko wa homoni na joto la mwili ulikuwa wastani wa saa 24 na dakika kama 11, kwa vijana na kwa wazee vilevile.

Kinachobadilika ni nguvu ya saa hiyo. Ni fungu la seli kama 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapokutana, na kila siku hurekebishwa na mwanga. Uzeeni seli hizo hazipatani kama zamani, na tofauti ya mchana na usiku ndani ya mwili hufifia. Lenzi ya jicho nayo hugeuka manjano na kuzuia mwanga wa buluu, ambao saa inautegemea zaidi. Mtoto wa jicho akiongezeka, mambo huharibika. Halafu sisi tunamweka mzee mchana kutwa kwenye chumba chenye pazia zito, na runinga inawaka hadi saa tano usiku! Kwetu huku karibu na ikweta, jua la bure mwaka mzima, hatuna udhuru. Kiti kibarazani asubuhi kijaribiwe kabla ya vidonge vya usingizi, ambavyo huwafanya wazee waanguke na kuvunjika nyonga.

Wapo pia wanaoona mkono wa mtu katika kuamka huku. Wawaangalie Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Tofauti ya umri ilichangia, na watafiti wakaona huenda ndivyo kambi zilivyolindwa tangu kale: daima kuna aliye macho. Lakini anayeamka mara tatu au nne kukojoa apimwe sukari, na mwanamume aangaliwe tezi dume.

"Inflamesheni ni uvimbe unaouona kwa macho."

Ile ya uzeeni haivimbishi wala haiumi. Mwaka 2000 Mtaliano Claudio Franceschi na wenzake waliieleza: kinga ya mwili hubaki imechokozeka kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ya seli chakavu zisizogawanyika wala kufa, mafuta ya tumboni, hata fizi mbovu. Zinazoumia ni mishipa ya damu na moyo. Usingizi uliokatikakatika huichochea, nayo huuvuruga usingizi.

Je, kila mzee lazima aipate? Utafiti wa mwaka 2025 uliwalinganisha watu wa Italia na Singapore na jamii mbili za wenyeji wa asili, Watsimane wa Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Hawa wawili wa mwisho walikuwa na inflamesheni nyingi kutokana na maambukizi, yakiwemo ya minyoo, lakini haikupanda na umri kwa namna ileile, wala haikuambatana na magonjwa sugu. Tusije tukaanza kufuga minyoo. Ila mtindo wa maisha una sehemu kubwa.

"Baridi yabisi huletwa na kuoga maji baridi."

Si maji. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo, na chembe za kinga zina saa zao. Usiku wa manane kotisoli, homoni inayozituliza, iko chini kabisa. Kuelekea alfajiri interleukini-6, kemikali inayochochea inflamesheni, hupanda kwa wenye ugonjwa huu, na viungo huamka vimekakamaa. Kukakamaa kunakoisha ndani ya nusu saa mara nyingi ni gegedu lililolika. Kunakozidi saa nzima kunataka daktari, si diklofenaki ya dukani kila siku, ambayo huwaharibia wazee tumbo na figo na kupandisha presha.

"Hana homa, basi hana maambukizi."

Hatari kuliko zote hizi. Joto la mzee kwa kawaida ni la chini, na nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumshika bila homa. Akianza ghafla kuchanganya majina ya wanawe, kuanguka au kukataa uji, mpelekeni hospitali hata kama kipimajoto kinasoma 36.8.