Injini kuzima angani: tunayoyaamini na yaliyotokea Missouri 2004

Ndege ikizima injini angani wa kwanza kulaumiwa ni fundi, wa pili ni ndege yenyewe, eti chakavu imechoka. Na kweli mara nyingine ni hivyo, au ndege wa porini kaingia kwenye injini. Ila kuna usiku injini mbili zilizokuwa zinafanya kazi vizuri zilizimishwa na watu waliokuwa wanaiendesha ndege, na hii habari inaniuma kila nikiirudia kwa sababu karibu kila hatua palikuwa na njia ya kutokea.

Ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2004. CRJ-200, ndege ndogo ya jeti ya abiria, ya shirika la Pinnacle Airlines la Marekani inatoka Little Rock kwenda Minneapolis, haina abiria hata mmoja, ni marubani wawili tu wanaihamisha. Ilipangwa iende kimo cha futi 33,000 lakini wao wakaamua kuipandisha mpaka 41,000, ndo mwisho wa ile ndege.

Dhana: kama kitabu cha ndege kimeandika inafika futi 41,000 basi inafika tu, kazi ya injini hiyo.

Sio hivyo. Huko juu hewa ni nyepesi mno, injini inapumua kwa shida na mabawa yanahitaji spidi kubwa ili yabebe uzito, kwa hiyo inategemea umepandaje, una spidi gani, na hewa ya siku hiyo ina joto kiasi gani. Wale waliiset ndege ipande futi 500 kila dakika, ikawa inapanda kweli ila kila inavyopanda inakula spidi yake, kama lori linalopandishwa mlima kwa gia kubwa. Walifika 41,000, wakafurahi, kapteni akaenda kuchukua soda huko nyuma, na walipoulizwa na muongoza ndege wakajibu kwamba hawana abiria ndo maana wameamua kupanda kujifurahisha kidogo. Wakati huo huo spidi inashuka tu. Usukani ukaanza kutetemeka, ile ni alamu kwamba mabawa yanakaribia kushindwa, halafu ukajisukuma wenyewe mbele ili pua iinamishwe ndege ipate spidi. Wao wakawa wanauvuta nyuma, na ikajirudia zaidi ya mara moja, mpaka mwisho ndege ikashindwa kabisa kuelea, hewa ikaacha kuingia sawasawa kwenye injini, zote mbili zikazima.

Wengi pia wanaamini injini ikizima unawasha tena, kama gari. Inawezekana, lakini ina masharti yake. Mnajua kushtua gari, unaliachia kwenye mteremko likishapata mwendo ndo linawaka. Ndege nayo unaiinamisha ikimbie, upepo uzungushe injini, na kwa ile CRJ ilitakiwa ifike noti 300 hivi (noti ni kipimo cha spidi ya ndege). Wao hawakufika hata 250, wakaishia njiani, na injini zikawa zinapoa. Sasa hapa ndo kuna kitu wengi hawakijui: vipande vya ndani na ganda la nje havipoi kwa mwendo mmoja, ile nafasi ndogo kati yao inapotea, vinabanana kama glasi mbili ulizozipachika moja ndani ya nyingine zikagoma kutoka. Injini haizunguki tena. Baadae wakajaribu mara nne kuziwasha kwa hewa ya ile injini ndogo ya mkiani, wapi.

"Injini zote zikizima ndege inaanguka kama jiwe." Hii naisikia sana na sio kweli kabisa. Tarehe 24 Agosti 2001 Airbus ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki, ilikuwa inavuja na marubani bila kujua wakafungulia mafuta ya upande mzima yaende upande unaovuja, injini zote zikazima, na bado ikaelea kama dakika 19 mpaka ikatua kisiwani Azores, watu wote 306 wakatoka hai. Hata ile CRJ ilikaa hewani kama dakika 20 bila injini, na mwanzoni kulikuwa na viwanja kadhaa ambavyo wangevifikia kwa kuelea tu.

Kwa nini hawakwenda? Kwa sababu walimwambia muongoza ndege kwamba imezima injini moja. Moja! Ukiwa na moja nzima hakuna anayekuharakisha, unapewa nafasi unahangaika na shida yako. Zilipita zaidi ya dakika kumi ndo wakasema zote mbili hazipo. Sijui kama ilikuwa aibu au hofu ya kupoteza kazi, ila ripoti ya NTSB, wale wachunguzi wa ajali wa Marekani, ililitaja na hilo kwenye sababu, pamoja na uendeshaji wao usiofuata utaratibu.

Na wale wanaosema haikuwa na abiria, walikuwa wanahatarisha roho zao tu, hapana jamani. Ndege ilianguka Jefferson City, huko jimbo la Missouri, nyuma ya nyumba za watu, saa nne usiku, na ni bahati tu hakuna aliyeumia chini. Marubani wote wawili walikufa.

Mwisho kabisa walikuwa wanaomba uwanja wowote ule. Wakaelekezwa Jefferson City, na uwanja ukabaki kama maili mbili na nusu mbele yao.