Jinsi Karaginani ya Mwani na Kaitosani ya Kambamiti Zinavyoshikana

Mwani mwekundu unaolimwa katika pwani ya Kilwa, Lindi na Mtwara hununuliwa hasa kwa ajili ya karaginani iliyomo ndani yake, ilhali maganda ya kambamiti, ambayo mara nyingi huishia jalalani, yanaweza kutoa kaitosani. Zote mbili ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari zilizoungana, ila chaji zake za umeme ni kinyume.

Karaginani ina salfeti zenye chaji hasi. Kaitosani, ambayo hupatikana kwa kuchemsha kaitini, dutu ngumu iliyomo katika maganda hayo, katika kostiki soda kali, hupata chaji chanya pale tu inapokuwa katika asidi, takriban chini ya pH 6.5 (pH ni kipimo cha asidi; ikishuka, asidi huwa kali zaidi), ndiyo maana huyeyushwa kwa asidi hafifu kama ile ya siki, wala si kwa maji matupu. Tone la karaginani likidondoshwa katika kaitosani iliyoyeyuka, utando mweupe hulizunguka papo hapo, huku ndani kukibaki kimiminika.

Kusema kwamba chanya na hasi huvutana ni kweli, lakini hakutoshi. Kabla ya kukutana, kila mnyororo huwa umezingirwa na ioni, yaani chembe ndogo za umeme, zenye chaji kinyume na yake: sodiamu au potasiamu kwa karaginani, asetati, itokayo katika asidi ya siki, kwa kaitosani. Minyororo inaposhikana, ioni hizo huachiliwa na kutawanyika majini, na kutawanyika huko ndiko kunakochangia sehemu kubwa ya nguvu inayousukuma muungano. Kifungo kimoja ni dhaifu. Vifungo mamia vinavyofuatana katika mnyororo mmoja, kama meno ya zipu, haviachani kwa urahisi.

Kwetu watu wa pwani, jambo la kuangaliwa zaidi ni chumvi. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, na ioni za chumvi hiyo huzifunika chaji za minyororo hata muungano ukalegea, na chumvi ikizidi ukavunjika. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza vidonge vya kuachilia dawa polepole au vitambaa vya kufunikia vidonda lazima aisafishe karaginani yake ikatakate chumvi, kisha achanganye taratibu huku akikoroga, kwa kuwa mchanganyiko wa haraka huzaa mabonge yasiyolingana.

Aljineti, polisakaridi ya mwani wa kahawia yenye chaji hasi, hufanya kazi hiyo ya karaginani pia, ila pH ikishuka chini ya 3.5 hivi hupoteza chaji nyingi, jambo ambalo haliisumbui karaginani.