Tairi pana sio dawa ya tope: habari ya 285, 305 na geji ya upepo

Jumanne imeingia Toyota Prado 120 hapa gereji kwetu Arusha, tope limekauka mpaka kwenye vitasa vya milango. Mwenyewe katoka Ndutu, kule kusini mwa Serengeti, kalala ndani ya gari usiku mzima anasubiri wa kumvuta. Chini kavaa 285/70R17 za tope, mpya kabisa, bado zina nywele zake za kiwandani. Hata salamu hatujamaliza, ananiambia: "Fundi, hizi nyembamba, niwekee 305."

Sikumjibu. Nimechukua geji nikapima upepo. Mbele PSI 40, nyuma 42 (PSI ndo kipimo cha upepo), nyingi mno kwa tope.

Huyo ni wa tatu mwezi huu na maneno ni yaleyale, tairi pana haizami, tairi pana haizami, kila mtu kaambiwa na mwenzake na mwenzake kaambiwa na muuza tairi. Nimeeleza kwa mdomo mpaka sauti imekauka, acha niandike, anayekuja na hilo neno tena nitamtumia hii asome akiwa amekaa kwenye benchi.

Anza na namba zenyewe maana ziko ubavuni mwa tairi na hamna anayezipigia hesabu: ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya huo upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Prado hii ilikuja na 265/65R17, kimo chake chote kutoka chini mpaka juu ni milimita 776. Zile 285/70R17 alizofunga ni 831. Sasa hiyo 305/65R17 anayoililia, piga hesabu: 305 mara 0.65 ni 198, mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni 432, unapata 828. Yani anataka atoe hela nyingi zaidi alafu gari ishuke! Upana umeongezeka, kimo kimepungua, kwa sababu ile namba ya pili ni asilimia ya ile ya kwanza, haisimami peke yake. Nimemwandikia kwenye boksi la filta, kaangalia mda mrefu sana.

Alafu hata hizo 55 ulizoongeza kutoka 776 kwenda 831, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haipandi 55. Inapanda nusu, 27 na kidogo, maana ekseli iko katikati ya gurudumu, nusu ya kimo imeenda juu yake. Milimita 27 ni kama upana wa vidole viwili vyembamba. Sio kwamba ni kitu kidogo, kwenye mfereji wa katikati ya njia vidole viwili ndo tofauti ya kupita na kulala, ila ujue umenunua nini. Na wewe uliyenyanyua springi inchi mbili ukaja kuniambia gari yako sasa iko juu: bodi iko juu, difu ya nyuma iko palepale ilipokuwa. Ekseli ya moja kwa moja inapandishwa na tairi tu.

Sasa twende kwenye hilo la kuzama, hapa ndo damu yangu inachemka kwa hiyo nivumilieni.

Gari inasimama juu ya upepo. Chukua gurudumu moja limebeba kilo 700. Ukiwa na 35 PSI, kwa hesabu ya karatasi eneo linalogusa ardhi ni kama sentimita 284 za mraba. Ukishusha mpaka 18 PSI linakuwa 553. Karibu mara mbili, na hujanunua chochote, umetoa upepo tu! Hesabu hii haiko kamili, ukuta wa tairi nao unabeba uzito kidogo hasa ukiwa mgumu, kwa hiyo shambani hutapata mara mbili safi. Lakini linganisha na kutoka 265 kwenda 285, upana umeongezeka asilimia 7 na nusu tu, na kama upepo ni uleule basi eneo lenyewe linabaki karibu lilelile, limebadilika umbo tu, limekuwa pana na fupi. Uzito haujabadilika, upepo haujabadilika, eneo litatoka wapi?

Na umbo lina kazi yake. Ukishusha upepo tairi inatanuka kidogo kwa upana, lakini inarefuka sana kwa urefu, kama mnyororo wa buldoza, na urefu ndo unaokuvusha kwenye mchanga na tope laini. Tairi pana yenye upepo mwingi inafanya kinyume, mbele yake inasukuma ukuta mpana wa tope, injini inapambana na ule ukuta badala ya kusogeza gari. Wazee wetu walizunguka nchi nzima na Land Rover 109 zenye 7.50-16, tairi nyembamba ndefu, na mpaka leo Land Cruiser za watalii kibao hapa mjini zinatembea na 7.50R16. Sisemi walikuwa na siri fulani. Nasema wembamba haukuwazuia kufika.

Ila hapa nikiri kitu ambacho mafundi wenzangu hawapendi kukisema. Ule usemi wa upande wa pili, kwamba tairi nyembamba inakata tope mpaka inafika chini kwenye ugumu, mimi nimeuamini miaka mingi na sasa siuamini wote. Unafanya kazi pale ambapo chini kuna ugumu. Njia ya changarawe iliyofunikwa na tope la sentimita kumi, sawa, nyembamba inashuka inashika. Lakini udongo mweusi wa mbuga ukilowa, ule unaovimba ukinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, unashuka kutafuta nini? Ugumu uko mbali, difu italala kabla hujaufikia. Kwenye mbuga nataka nikae juu, kwa hiyo nashusha upepo na siachi gari isimame. Na tairi za tope zenye kashata kubwa, yale meno ya mpira, nazo nimezibadilishia mawazo mara mbili. Kwenye tope la majimaji zinajisafisha ukizungusha gurudumu kwa kasi. Kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ugali wa jana, kashata zinajaa, tairi inakuwa duara laini, na mwenye tairi ya tope na mwenye tairi ya kawaida wanateleza pamoja. Siku hizo dawa niliyoiona ni kusubiri jua.

Mtu ataniuliza, fundi, nishushe mpaka ngapi? Sina namba moja, na anayekupa namba moja bila kuuliza mzigo hajui anachosema. Kwa Prado isiyo na mzigo mkubwa mimi lami naenda na 34 hivi, vumbi na kokoto 26 mpaka 28, tope na mchanga 18. Chini ya 15 nashuka nikiwa nimeshakwama tu, na hapo sikati kona kwa nguvu maana tairi inaweza kuvuka ukingo wa rimu. Kukagua kama umepatia, pima asubuhi tairi ikiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Imepanda 4 mpaka 6, uko sawa. Imepanda 10, ulianza na upepo mdogo kwa ule mzigo na ile spidi, tairi inajipinda inachemka. Hiyo ni kanuni ya madereva, sio sheria, jua kali likipiga upande mmoja inakudanganya.

Na ukirudi lami jaza. Kompresa ndogo bei yake haifiki ya tairi moja ya 305, lakini watu wananunua tairi nne wanaacha kompresa, hili hunikera kuliko yote.

Kuna mahali naogopa kushusha pia. Ile njia ya Mto wa Mbu, Engaruka mpaka Natron ina mawe ya volkano yenye makali, ukishusha sana ukuta unatokeza nje na jiwe linakata ubavu, na ubavu ukikatika hauzibiki. Pale nabaki 28 na natembea taratibu. Ile ya Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, yenye mawimbi kama bati nayo 26 inatosha, hapo unasaidia shokapu na meno yako.

Mambo mengine nipite haraka. Kusugua: 285 kwenye Prado 120 itagusa plastiki za ndani na ile pembe ya bodi nyuma ya gurudumu ukikata stelingi yote, kwa hiyo mtu anakata chuma au anaweka rimu zinazotokeza nje, na rimu zinazotokeza zinakula beringi na kufanya stelingi ivute. Breki: tairi ndefu na nzito ni mkono mrefu unaoshindana na breki zilezile, utahisi mteremko wa Ngorongoro kwenda Karatu. Namba ya mzigo ubavuni: 112 ni kilo 1120, 121 ni kilo 1450, usishuke chini ya ile iliyokuja na gari, basi.

Nguvu. Kimo kikipanda asilimia 7, ni sawasawa na kupunguza uwiano wa gia za difu asilimia 7, kama ilikuwa 4.1 sasa inasukuma kama 3.83. Mwenye Land Cruiser ya 1HZ, injini ya lita 4.2 isiyo na tabo, atalijua hilo kwenye kilima cha kwanza akiwa na watalii sita na mahema, anarudisha gia ambayo zamani hakurudisha. Alafu atakuja kusema injini imechoka. Injini haijachoka bwana!

Spidomita nayo inadanganywa. Ukiona 50 kijijini unatembea 53 na nusu, na kwenye tochi ya trafiki hamna wa kumweleza habari ya tairi. Hapa niwe mkweli, spidomita nyingi zinatoka kiwandani zikisoma juu kidogo, kwa hiyo baada ya tairi kubwa yako inaweza hata kuwa karibu na ukweli kuliko zamani. Linganisha na GPS ya simu mara moja ujue. Na kilomita zinahesabiwa pungufu, ikiandika 100 umetembea 107, kwa hiyo wale wanaolalamika mafuta yameenda sana wapige hesabu upya kwanza. Yatakuwa yameongezeka kweli, ila sio kwa kiasi wanachosema.

Mimi Prado ya namna hii ningeivalisha 265/70R17. Kimo 803, difu inapanda milimita 13, haisugui, haikatwi kitu. Anayetaka zaidi atafute 255/75R17, nyembamba kwa milimita 10 lakini kimo 814. Kuipata hapa mjini ni kazi, madukani upana ndo unauzika.

Nilipomaliza kumweleza yule bwana nikafungua kava la spea pale mlangoni nyuma. Ndani kuna 265/65R17 ileile ya zamani. Nikamuuliza, hii ukiifunga njiani na zile tatu za 831 unajua kinatokea nini? Ndogo inazunguka kama mara 410 kwa kilomita, kubwa 383. Mizunguko 27 ya tofauti kila kilomita, difu inafanya kazi mda wote kana kwamba unakata kona isiyoisha, na Prado hii inasukuma magurudumu yote mda wote, kwa hiyo difu ya kati nayo haipumziki. Ukisahau difloki ya kati, ile kufuli ya difu, imefungwa ukiwa kwenye lami ndo unavunja kabisa. Hilo hakuwahi kuambiwa, na aliyemuuzia zile nne alimfungia mwenyewe na ile spea aliiona.

Habari ya 305 ameiacha. Tairi ya tano, 285, inakuja Alhamisi kutoka Dar, na jana kapita kuchukua geji na kompresa. Nimemshushia 34 zote nne kabla hajatoka.