Wanawake wa Begijnhof hawakuwa masista

Ukivuka daraja dogo la mawe na kupita lango la Begijnhof mjini Bruges, Ubelgiji, unakuta uwanja wa nyasi, miti mirefu na nyumba nyeupe zilizouzunguka. Wageni wengi husema hapohapo: "Kumbe hii ndiyo konventi ya zamani." Si hivyo: haikuwa konventi, yaani nyumba ya masista.

Mahali hapa palianzishwa karne ya 13 kwa ajili ya Wabegini, wanawake waliotaka maisha ya sala bila kuingia utawani. Waliahidi kuishi kwa usafi wa moyo na mwili na kumtii mkuu wao muda wote waliokaa humo, lakini hawakuweka nadhiri za daima wala nadhiri ya ufukara. Mwenye mali alibaki na mali yake, hata nyumba. Asiye nayo alifanya kazi: kusokota sufu, kufua, kuuguza wagonjwa, kufundisha watoto. Na aliyetaka kuondoka akaolewe, aliondoka. Sista wa nadhiri za daima asingeweza kufanya hivyo kirahisi. Uhuru huo uliwatia shaka baadhi ya wakuu wa Kanisa, na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Vienne wa 1311–1312 uliwashutumu.

Kosa la wageni linaeleweka, maana masista utakaowaona leo ni wa kweli: Wabenedikto, watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, waliohamia hapo mwaka 1927. Mbegini wa mwisho duniani, Marcella Pattyn, alifariki mwaka 2013 huko Kortrijk, mji mwingine wa Ubelgiji.

Ukienda, punguza sauti. Watu bado wanaishi humo.