Bluberi-pori haitaki chokaa yako

Mtu akinunua shamba la bluberi-pori (matunda madogo ya buluu) kule Maine, Marekani, akaona mchanga mtupu na vichaka vifupi, swali lake huwa lile lile: nimwage chokaa kiasi gani? Usimwage hata chembe.

Wanunuzi hao wanadhani udongo duni ndio umeidumaza mimea. Haijadumaa. Bluberi-pori (Vaccinium angustifolium) kwa kawaida haifiki magotini, na makao yake ni mchanga ulioachwa na barafu za kale, wenye pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi inazidi) kati ya 4 na 5. Mizizi yake haina vinyweleo. Kuvu wanaoishi ndani yake ndio wanaoitafutia nitrojeni katika majani yaliyooza nusu. Ukipandisha pH kwa chokaa, madini ya chuma yanabaki udongoni lakini mmea hauwezi kuyafyonza, hivyo majani yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Basi mwenye shamba, kwa huruma, anaongeza samadi! Nyasi zilizokuwa zimebanwa na asidi zinapata nafasi na kufunika kila kitu. Wakulima wazoefu hufanya kinyume: huweka salfa ili pH ishuke, kwa kuwa bluberi huvumilia asidi kuliko nyasi. Pima udongo kabla ya kugusa mfuko wowote. Na majivu ya jikoni yaache huko huko jikoni, maana kazi yake ni ile ile ya chokaa.

"Lakini mbona mnachoma mashamba?" Tunachoma matawi, si udongo. Sehemu kubwa ya mmea ni rizomu, yaani mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Moto wa haraka, udongo ukiwa na unyevu au umeganda, huamsha machipukizi. Mwaka huo yanatunga macho ya maua, mwaka unaofuata yanazaa. Wawabanaki, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walichoma hivyo kabla Wazungu hawajafika. Moto wa kiangazi unaokula mboji hadi kwenye rizomu ni balaa, hapo sibishani.

Kwamba mashamba hayo yalipandwa? Hapana. Mimea ilikuwa tayari chini ya miti, ikizaa kidogo kivulini. Miti ilipokatwa ikatambaa.

Na kuleta mizinga ya nyuki ili wachavushe maua hakumalizi kila kitu. Kichaka kipana mara nyingi ni mmea mmoja, na chavua yake yenyewe haiufai sana. Lazima itoke kwa jirani. Tena chavua hutoka kwenye vitundu vidogo vya chavulio, sehemu ya ua inayobeba chavua. Nyuki-bambi, nyuki wanene wenye manyoya, huitikisa ikamwagika, nyuki wa asali hawezi kutikisa hivyo, anafidia kwa wingi wake tu. Kwa hiyo msifyeke kingo zote za shamba. Nyuki-bambi hutaga humo.