Bei za nyumba katika mji mdogo: tazama kwanza ni nyumba zipi zilizouzwa

Nikisikia kwamba bei za nyumba katika mji fulani mdogo zimepanda kwa asilimia 20, swali langu la kwanza ni hili: ziliuzwa nyumba zipi? Mimi ni mthamini wa majengo. Nimeona watu wakiuza harakaharaka au wakikopa kupita uwezo wao kwa sababu ya asilimia kama hiyo, na inaniuma, kwa kuwa mara nyingi haihusiani kabisa na thamani ya nyumba zao.

Tuseme mwaka jana ziliuzwa nyumba tano, kwa 40, 50, 60, 70 na 80. Fedha iwe yoyote. Wastani ni 60. Mwaka huu soko limelegea na kila nyumba mjini imepoteza asilimia 10 ya thamani yake. Lakini wenye nyumba ndogo hawakuuza. Waliouza ni wale ambao mwaka jana wangepata 60, 70, 80, 90 na 100, na sasa wamepata 54, 63, 72, 81 na 90. Wastani mpya ni 72. Taarifa itatangaza kwamba bei zimepanda kwa asilimia 20, ilhali hakuna nyumba hata moja iliyopanda! Wengine hukimbilia bei ya katikati, ile inayoacha nusu ya mauzo juu yake na nusu chini. Hapa nayo imetoka 60 ikafika 72. Inasaidia pale nyumba moja ya kifahari inapovuta wastani juu, lakini haitibu tatizo la aina ya nyumba zilizoingia sokoni. Jiji lenye mauzo maelfu kwa mwaka huumeza mchanganyiko huu kwa urahisi zaidi, mji mdogo hauwezi.

Njia bora ni kulinganisha nyumba na yenyewe: iliuzwa kwa kiasi gani zamani, na imeuzwa kwa kiasi gani sasa. Watafiti Bailey, Muth na Nourse waliieleza njia hii mwaka 1963, na baadaye wachumi Karl Case na Robert Shiller wakaijengea fahirisi, yaani kipimo cha mwenendo wa bei, inayofuatwa sana Marekani. Kwenye mji mdogo ina kasoro zake. Jozi za mauzo, yaani nyumba ileile kuuzwa mara mbili, ni chache, kwa hiyo mimi hukusanya miaka mitatu pamoja badala ya kutoa takwimu ya kila robo mwaka. Na lazima uende ukaione nyumba. Kwenye kumbukumbu za mauzo ni nyumba ileile, kiwanja kilekile, lakini ukifika unakuta paa jipya, jiko limepanuliwa na chumba kimeongezwa nyuma. Hapo sehemu ya ongezeko la bei ni saruji na mabati, wala si soko.

Nyumba zilizopo ndizo zinazoamua bei itaitikiaje. Kiwanda au chuo kikija, wahitaji huongezeka ndani ya miezi, ilhali kupata kiwanja, kibali na fundi hadi nyumba ikamilike huchukua muda mrefu. Bei hupaa. Mambo yakigeuka, nyumba haziondoki na watu. Mji wa Youngstown, jimbo la Ohio nchini Marekani, ulikuwa na watu wapatao 170,000 mwaka 1930. Septemba 1977 kampuni kubwa ya chuma ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kazi zake, viwanda vingine vikafuata, na kufikia sensa ya 2020 walibaki takriban 60,000. Wachumi Edward Glaeser na Joseph Gyourko walionyesha mwaka 2005 kwa nini mji wa namna hii hudidimia polepole: nyumba hudumu miongo mingi, kwa hiyo bei huweza kushuka chini ya gharama ya kujenga, na urahisi huo wa makazi huwashikilia baadhi ya watu. Bei ikiwa chini ya gharama ya ujenzi, hakuna wa kujenga nyumba mpya ili auze. Kwangu hiyo ni dalili nzito kuliko mabadiliko ya mwaka mmoja.

Jambo lingine ni kwamba bei huchelewa kusema ukweli. Soko likilegea, mwenye nyumba hakubali kuuza chini ya alichonunulia, anangoja. Kwa hiyo idadi ya mauzo huporomoka kwanza, bei baadaye. Ukitaka kujua mji unaelekea wapi, muulize dalali nyumba zinakaa sokoni muda gani, na pengo kati ya bei inayotajwa na inayolipwa likoje. Pita mitaani uhesabu nyumba zisizo na watu. Tazama pia kodi za pango, maana mpangaji huhama upesi na mwenye nyumba hulazimika kupunguza. Nyumba zikianza kukaa miezi bila mnunuzi na kodi zikilegea, bei inayotajwa langoni ni matumaini ya muuzaji tu, nami siiweki kwenye ripoti yangu ya uthamini.